Kizibo Chenye Alama ya Samaki

Bologna, 11 Februari 1996

Shemeji yangu Letebrhan,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na miguu yako inayovimba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno ya bandia.

Nimesikia redioni kwamba serikali yetu imewaita wazee wa reli warudi karakana ya Asmara kufufua treni. Nilicheka mpaka binti yangu Saba akaja kutazama kama nakata roho. Na Gilazgi Embaye naye yumo? Mwambie Okbamikaeli anasema hivi: ulishindwa kunyoosha sufuria ya mama yako ulipokuwa na nguvu, leo utaziba boila ukiwa na fimbo?

Nieleze, je, Nyumbu, kile kichwa chetu cha treni, bado ipo? Wewe ulikuwa mke wa mchochea moto, unajua vichwa vyote vya aina ile, vyenye seti mbili za magurudumu chini ya boila moja, Waitaliano walivyovishusha Masawa mwaka wa 1938 ili vipande mlima bila kujikwaa kwenye kona. Lakini Nyumbu ilikuwa yangu. Nina haja mbili tu duniani. Ya kwanza, niiendeshe mara moja, Nefasit hadi Asmara. Ya pili, nikifa nirudishwe, nizikwe kanisa la Mariamu nyuma ya karakana, na nipigiwe honi tatu kama kila mtu wa reli.

Najua neno honi linakuchoma, maana marehemu Tewolde hakupigiwa hata moja. Niliwabembeleza wakubwa, lakini sheria ilikuwa sheria: aliyeua mashine kwa ulevi haagwi na mashine. Mungu amsamehe udhaifu wake.

Nimekutumia shali na kahawa. Jirani anayekusomea barua zangu asijipimie.

Nduguyo,
Okbamikaeli Zerai

*

Asmara, 3 Machi 1996

Shemeji Okbamikaeli,

Herufi hizi kubwa kama mawe ni zangu. Baada ya vita walifungua darasa la watu wazima, nikakaa kwenye benchi na wajukuu wa watu mpaka nikajua kusoma. Jirani hapati tena kahawa yangu. Nakushukuru kwa shali.

Wazee wamerudi kweli. Ni kumi na wawili, na mdogo wao ana miaka sitini na sita. Asubuhi wanachukua robo saa kuwasha moto wa kufulia chuma na nusu saa kubishana nani aliuwasha vibaya. Reli zetu unajua zilikokwenda: wanajeshi walizing'oa kuezekea mahandaki. Sasa zinafukuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, moja moja. Mimi nawapikia mchana. Nawawekea mkate wa taita na mchuzi wa shiro, na siku isiyo ya mfungo nyama kidogo. Nilimpa Gilazgi salamu zako. Akasema, "Mwambie sufuria ile aliikanyaga yeye."

Nyumbu ipo. Iko mwisho wa njia ya nyuma, mipungate imeota mpaka ndani ya bomba la moshi. Kwa kuwa ilikuwa imeharibika, hakuna aliyejishughulisha nayo vitani. Zile nzima zilipigwa mabomu, au zilichunwa shaba hadi mifupa. Gilazgi anasema boila yake haijaguswa tangu siku ile, kwa hiyo wataifungua.

Kuna jambo lingine. Wanatengeneza bango la shaba la watu waliofia kwenye njia yetu. Majina yamefika tisa. La Tewolde wamebishania siku tatu. Mzee mmoja alisema mbele yangu, kijiko mkononi, "Tukimwandika mlevi, waliobaki watajisikiaje?" Nikamwongezea shiro.

Shemeji, mimi nilimzika mume wangu bila kulia. Unakumbuka, ulikuwepo. Nilisimama kavu mbele ya watu kwa sababu nilimwosha, nikanusa pombe ya suwa kwenye nguo zake, nikaona haya. Kama kuna neno la kumtetea, hata dogo, nipe niwapelekee. Nataka jina lake liwepo. Sitaki kitu kingine.

Letebrhan Habtezion

*

Bologna, 2 Aprili 1996

Shemeji,

Nimefurahi kuona umejifunza kuandika. Uzeeni mtu ajishughulishe.

Kuhusu Nyumbu, wape wazee ushauri wangu, na ni wa mtu aliyeikalia miaka kumi na nne. Wasiifungue boila. Dari la tanuri lilishuka, halitengenezeki. Wachukue magurudumu, wachukue silinda, wavipe vichwa vingine, na boila waikate vipande wauze chuma chakavu. Hivyo ndivyo aina hii imeishi siku zote, mmoja anakufa wawili wanatembea. Nasema haya na moyo unaniuma, maana ndiyo niliyotaka kuiendesha. Basi nitaendesha yoyote.

Kuhusu Tewolde, ningekudanganya nikisema lipo neno. Unataka nirudie? Tulitoka Ginda vizuri. Nefasit nikamwambia, "Tazama maji." Akasema, "Yapo." Alikuwa amekunywa suwa tangu asubuhi, macho yamelegea kama ya mbuzi aliyekula chumvi. Karibu na Arbaroba akasinzia na koleo mkononi. Maji yakaisha juu ya tanuri, dari likapasuka, mvuke ukamtokea mlangoni. Mimi niliunguzwa sikio nikijaribu kumvuta.

Kwa nini ufukue? Ukilazimisha jina lake, watoto wa shule watapita wasome, na wazee watasimulia. Mwache apumzike alipolala. Wewe ni mwanamke mwenye heshima, kosa lake si lako. Miaka ishirini na mbili nakutunza kama dada kwa sababu hiyo hiyo.

Nduguyo,
Okbamikaeli

*

Asmara, 9 Juni 1996

Shemeji,

Nimekawia kujibu kwa sababu ya Pasaka na kwa sababu ya mgongo. Usiwe na wasiwasi, ushauri wako niliufikisha wakati wa kahawa, na wazee wakausikiliza mpaka kikombe cha tatu.

Sasa wana kazi nyingine inayowachekesha. Kwenye stoo ya zamani wamekuta sanduku la spana, patasi na nyundo, kila kimoja na alama ya mwenyewe. Nyota, msalaba, kikombe. Gilazgi ameapa kwamba kila chombo chenye alama kitarudi kwa mwenyewe, na kama amekufa kirudi kwa wanawe. Nusu ya alama hawazikumbuki. Wanatukanana juu ya hilo kutwa nzima. "Wewe alama yako ilikuwa punda." "Punda ni babako, yangu ni farasi."

Wamenituma nikuulize yako ilikuwa ipi. Ichore, tafadhali, wasije wakampa mwingine vitu vyako.

Na ukipata muda nisimulie tena siku ile, polepole. Hasa kuhusu kile kizibo cha darini. Gilazgi amenieleza kidogo, kwamba juu ya tanuri pana kizibo cha shaba kilichojazwa risasi katikati, na maji yakipungua risasi inayeyuka, mvuke unashuka kuuzima moto kabla watu hawajaumia. Mimi ni mpishi, mambo haya hayaniingii kichwani. Siku ile kwa nini hakikuyeyuka?

Shemeji yako,
Letebrhan

*

Bologna, 30 Juni 1996

Shemeji,

Ha! Sanduku la stoo! Mwambie Gilazgi asiguse spana yangu ndefu, ile ya kufungia mikono ya magurudumu. Niliifua mwenyewe.

Alama yangu ni samaki wa jicho moja. Nimekuchorea hapa chini, mkia wake umepasuka mara mbili. Baba yangu alikuwa mfua chuma, aliniambia kitu kisicho na alama ni cha mwizi. Hakuna chombo nilichokitengeneza kwa mkono wangu, kikubwa au kidogo, nisichokigonga samaki kabla hakijapoa. Hata kikaangio cha Saba kinaye.

Kizibo? Vizibo vile vilikuwa vibovu. Maji yetu yana chokaa, inaganda juu ya risasi, kizibo kinakuwa kama kimefunikwa jiwe. Mtu yeyote wa karakana atakwambia hivyo. Usijitie katika mambo ya chuma, dada yangu, yatakuumiza kichwa bure.

Lakini hukuniambia kama boila wameikata. Wameikata?

Hali yangu si nzuri sana. Daktari ameona kitu kwenye ini. Anatumia maneno marefu, nami nikamwambia aseme kama dereva, kituo kingapi. Akasema labda mwaka na nusu. Kwa hiyo neno langu la Mariamu na honi tatu, lishike.

Nduguyo,
Okbamikaeli

*

Asmara, 18 Julai 1996

Okbamikaeli,

Hawakuikata. Waliifungua tarehe ishirini na moja Mei, kabla sijakuandikia ile barua ya spana.

Gilazgi aliingia ndani ya tanuri kwa magoti, na taa. Alikaa humo muda mrefu, wenzake wakaanza utani. "Ametaga." "Mpelekeeni blanketi." Alitoka na kitu mkononi. Alikuja moja kwa moja jikoni kwangu akakiweka mezani, kati ya vitunguu. Kizibo. Hakina shaba wala risasi. Ni chuma kitupu toka mwanzo hadi mwisho, kimekerezwa vizuri sana. Na kwenye kichwa chake, upande usioonekana mpaka ukifungue, kuna samaki wa jicho moja, mkia umepasuka mara mbili.

Gilazgi alimjua samaki yule, wote walimjua. Mimi ndiye niliyesema tukuulize kwanza. Nilitaka unichoree kwa mkono wako. Nakushukuru, umechora vizuri.

Siku hizi nakiweka chini ya birika langu la kahawa, lisiunguze meza. Wazee wanakiona kila siku wanapokula. Sasa hakuna anayebishana juu ya jina la Tewolde, lakini hakuna aliyeliandika pia, kwa sababu harufu ile ya suwa bado ipo. Wanasema, "Kizibo ni kosa la Okba, pombe ni kosa la Tewolde. Nusu kwa nusu." Mimi sitaki nusu.

Nisikilize. Andika kilichotokea, chote, kwa mkono wako, uweke sahihi na samaki. Kitasomwa karakana mbele ya wote. Ukiandika, naahidi mbele ya Mariamu kwamba Nyumbu itakuwa na moto siku ya maziko yako, na mkono utakuwa kwenye kamba ya honi. Usipoandika, kafie huko. Bologna nako kuna makaburi.

Shali nimewapa wasafishaji, wanafutia mafuta.

Letebrhan Habtezion
mjane wa Tewolde Fisehaye

*

Bologna, 5 Oktoba 1996

Letebrhan,

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Nilikuandikia ya matusi nikaichana. Sasa nimekonda, tumbo limejaa maji, na matusi yanataka nguvu.

Wasomee wazee hivi.

Kizibo cha risasi kilikuwa kikivuja. Kikivuja unasimama mlimani, na dereva aliyesimama mlimani aliitwa kuku mwaka mzima. Watu walikuwa wakiweka punje za nafaka juu ya kiti changu. Mara mbili nilisimama. Mara ya tatu nikakereza cha chuma, usiku, nikakipachika mwenyewe. Nilimgonga samaki kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna. Tewolde hakujua.

Siku ile sikusimama Nefasit kujaza maji, kwa sababu nyuma yetu palikuwa na treni nyingine na dereva wake alikuwa ameapa kutufikia. Tewolde alinishika mkono mara mbili. Ya kwanza alisema, "Kaka, sioni maji kwenye kioo." Nikamwambia, "Mlima umeyainamisha, chochea." Ya pili alisema, "Kaka, tuzime moto." Nikamwambia, "Nenda kwa mkeo ukazime." Ndilo neno la mwisho alilosikia.

Hakuwa amelewa. Alikuwa amefunga, ilikuwa Ijumaa. Suwa ilikuwa yangu, kwenye kibuyu changu chini ya kiti. Kabla watu wa Arbaroba hawajafika nilimmwagia kifuani na mdomoni. Alikuwa bado anapumua.

Nawe unataka ukweli wote, basi upokee wote. Nilikaa wiki nzima nikitunga maneno ya kukushawishi, maana nilijua wakubwa wataamini lakini mke wake hataamini. Ulikaa naye miaka kumi na moja, na hakuwahi kurudi nyumbani akipepesuka. Sikuhitaji hata neno moja. Ulinusa mara moja ukaamini. Ulisimama kaburini kavu, na wakubwa wakaambiana, "Hata mkewe halii." Hapo ndipo kesi ilipokwisha, Letebrhan. Mimi nilimwaga pombe, lakini shahidi ulikuwa wewe.

Nimeandika. Sahihi hii, samaki huyu. Nipe honi zangu.

Okbamikaeli Zerai

*

Asmara, 1 Novemba 1996

Okbamikaeli,

Barua imesomwa. Gilazgi aliisoma yote, na maneno yale kuhusu mimi aliyasoma pia, kwa sababu nilimwambia asiruke kitu.

Jina limeandikwa. Ni la kumi, na halina nusu.

Nilichoahidi nimeahidi.

Letebrhan

*

Bologna, 20 Machi 1998

Mpendwa Mama Letebrhan,

Mimi ni Saba, binti wa Okbamikaeli. Samahani kwa Kitigrinya changu, nilikuja huku nikiwa mdogo.

Nimerudi juzi kutoka kumzika baba huko Asmara, na nimekosa raha. Baba alifariki akitaja honi tatu. Alisema, "Mama Letebrhan ameniahidi, ana ahadi ya chuma." Miaka yote hii alituambia wewe ni dada yake.

Siku ya maziko tuliona moshi wa treni nyuma ya ukuta wa kanisa, tukafurahi. Tulisimama tukangoja. Padri alimaliza sala, akangoja. Wanaume walishika makoleo wakangoja. Shangazi zangu wakaanza kutazamana. Mwishowe padri akasema udongo utiwe, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya udongo. Wazee wa karakana hawakuja hata mmoja.

Je, mashine iliharibika? Nataka kujua tu, ili niache kuwaza kwamba tulikosea saa.

Saba Okbamikaeli

*

Asmara, 12 Aprili 1998

Mwanangu Saba,

Hamkukosea saa, na mashine haikuharibika. Nyumbu ilikuwa na mvuke kamili. Gilazgi na wenzake walifanya kazi ya miezi ishirini kuitia dari jipya, na siku ile walianza kuiwasha saa tisa usiku ili iwe tayari.

Nilimwahidi baba yako kwamba moto utakuwa tanurini na mkono utakuwa kwenye kamba ya honi. Vyote vilikuwepo. Mkono ulikuwa wangu. Nilipanda pale mume wangu aliposimama miaka ishirini na nne iliyopita, wazee wakanisukuma makalio kwa sababu ya miguu yangu. Kupitia dirishani niliwaona nyote. Nilikuona wewe umevaa koti la kijivu, unatazama upande wetu. Gilazgi alisema, "Letebrhan, wanangoja." Nikamwambia, "Nawaona."

Nilishika kamba mpaka udongo ulipojaa. Nilishika mpaka magari yenu yalipoondoka na padri akafunga geti. Ndipo nikavuta, mara tatu, ndefu, mpaka mbwa wa mtaa wa Gejeret wakalia. Zile zilikuwa za Tewolde Fisehaye. Na nililia, mwanangu. Nililia kwa sauti, kama mwanamke anavyomlilia mume siku ya kwanza, na wazee kumi na wawili walivua kofia. Baba yako alisema kweli kuhusu mimi na lile kaburi, na kwa kuwa alisema kweli sikuweza kumpa hata honi moja. Utamwuliza nani maana yake? Barua zake zote ninazo. Ukizitaka nitakutumia nakala, ila ushauri wangu usizitake.

Wewe hukunikosea lolote. Najua nakuumiza, na nimeona nikuumize mwenyewe kuliko usikie kwa shangazi zako.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi kidogo, kizito kuliko kinavyoonekana. Hapa karakana tumekubaliana kwamba kila chombo chenye alama kirudi kwa mwenyewe, na kama amekufa kirudi kwa wanawe. Spana yake ndefu tunaihitaji kwa Nyumbu, itabaki. Hiki kingine tumemaliza kukitumia. Ule mviringo mweusi ni wa birika langu la kahawa, nimejaribu kuusugua kwa mchanga na limau ukakataa kutoka. Samaki utamjua, baba yako aliniandikia kwamba hata kikaangio chako kinaye, basi mtazame huko.

Letebrhan Habtezion